Mbili Nukta Nne

Watu hawa siwaoni. Wananijia ndani ya kichupa,
mililita mbili juu ya barafu, jina na namba ya kitanda.
Saa nane na robo usiku, Ibra imelala na viyoyozi vyake,
mashine inakoroma, nami naongea nayo Kiswahili
kwa kuwa haina cha kunijibu.

Kitanda cha saba: Raya binti Hamdun, miaka hamsini na mitatu.
Alichomwa kidole na mwiba wa mtende
siku ya kuchavusha; akaunyonya, akautema, akaendelea na kazi.
Juzi wamempasua mkono, wakasafisha,
wakampeleka kwa mahututi kwa tahadhari tu.
Joto la mwili: thelathini na sita na nusu.
Presha: ya kuridhisha.
Sista Mollykutty ameandika: anasinzia, anajibu akiitwa.

Dalili ya mvua ni mawingu, husema mama yangu,
mzaliwa wa Tabora.
Hapa sivyo, mama. Hapa mvua hunyesha kule milimani, usikoona,
na juu yako mbingu ni kavu kama kigae,
na watoto wanacheza mpira katikati ya wadi,
hadi mtu mmoja asikie kokoto zikisagana
apige ukelele.

Lakteti ndiyo kokoto.

Seli ikikosa hewa haifi papo hapo. Inapika hivyo hivyo,
kama jiko la mkaa lililozibwa mdomo:
chakula kidogo, moshi mwingi.
Na moshi huingia damuni kabla paa halijashika moto,
kabla ya homa, kabla ya kutweta, kabla vidole havijawa baridi.
Mimi nanusa moshi. Ndiyo kazi yangu, na mshahara wake si mkubwa.

Tatu nukta tisa.

Pengine walimfunga mpira mkononi, ukabana mno.
Pengine kichupa kilikawia kwenye lifti.
Namba husingiziwa, na siku nyingine zenyewe ndizo zinazosema uongo.
Nikaomba damu nyingine, ya ateri.
Sukari imepanda, naye hana kisukari.
Lakteti: nne nukta nne.

Nikapiga simu. Sauti ya Daktari Yaarub ilikuwa bado na usingizi.
"Hana homa," akasema.
"Najua hana."
"Presha yake nzuri."
"Najua."
Kimya. Kisha nikasikia kiti kikisukumwa.

Sikumwambia habari za kitanda cha tatu,
Ramadhani iliyopita, karibu na daku:
Delwar, kijana fundi wa viyoyozi, mtu wa Sylhet,
mbili nukta nne.
Si kubwa, si ndogo. Niliiandika, nikaituma,
nikaenda kunywa maji kabla ya adhana.
Saa tano asubuhi kichupa chake cha pili kilisoma tisa.
Cha tatu hakikuletwa.
Hakuna aliyenilaumu. Namba ilikuwa imeandikwa vizuri.

Vichupa vya Raya vilishuka kila baada ya saa moja, dawa na maji
vikiwa vimeshaanza kumwingia:
nne nukta moja. Tatu na nusu.
Tatu nukta saba, nikasimama, nikaketi.
Alfajiri, mbili nukta nne,
namba ile ile, ila hii inateremka ngazi.
Niliitazama muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Jumatano moja, kwenye soko la wanawake, mama mmoja
mwenye bendeji hadi kwenye kiwiko, kidole kimoja hakipo,
alikuwa anavutana bei ya ndimu kavu
kwa Kiswahili cha bara.
Labda ni yeye. Labda mwingine; mitende ina miiba mingi.
Nilimpisha apite. Alinukia hina na dawa.
Nikazinunua ndimu kwa bei aliyoikataa.