Sekunde Mia Tatu

Paneli kumi na moja, nimezihesabu;
ya kumi na mbili ilikataliwa na bomba la moshi.
Custódio alizifunga mwezi Mei, jasho likimfika soksi,
akatundika inveta ukutani mwa ghala, kando ya vitunguu,
sanduku jeupe lenye kijicho kimoja cha kijani.
"Hiki," akasema, "hulichukua jua la Alentejo
kikalifundisha mwendo wa umeme wa serikali:
mapigo hamsini kila sekunde, bega kwa bega na gridi,
hakitangulii, hakichelewi."
Na ule nisioutumia?
Akafuta mikono kwenye suruali.
"Unatokea kwa waya ule ule,
unaingia kwa mwenye njaa wa kwanza."

Mwenye njaa wa kwanza ni dada yangu.

Nyumba ya mama tuliikata katikati kama jibini:
kwake tanuri, kwangu kisima.
Mlango wa kati tuliuziba kwa matofali,
saruji nilikoroga mwenyewe,
Eufrásia upande wa pili akinisaidia kwa matusi.
Miaka tisa. Kanisani yeye kulia, mimi kushoto.
Waya hatukuukata. Nani angekumbuka waya?

Basi tangu Mei namlisha.
Kampuni hunilipa senti nne kwa uniti,
humwuzia yeye kwa ishirini na mbili
jua lile lile, halijatembea hata hatua kumi.
Pasi yake, feni yake, redio yake ya mahubiri,
vyote vinanywa kwenye paa langu.
Na shukrani? Hajui.
Siwezi kumwambia bila kusema naye.

Jumanne moja ya Julai, saa saba, jua la utosi,
friji ikanyamaza.
Nikacheka peke yangu. Leo watanikoma!
Kijiji kizima kinajipepea kwa magazeti, mimi na feni yangu.
Nikaenda ghalani.
Kijicho chekundu.
"Gridi haipo," kimeandika, basi, hakuna zaidi.
Juu ya vigae kilowati nne zinaungua bure
nami nimeinama gizani natafuta kiberiti kwenye droo.

Nikampigia Custódio.
"Ndivyo kilivyoundwa, bibi.
Kisije kikamsukumia umeme fundi aliye juu ya nguzo
akidhani waya umekufa.
Bila mwenzake hakifanyi kazi."
Bila mwenzake!
Nimetoa euro elfu nne
kununua kitu kisichojua kukaa peke yake.

Ndipo sauti ikapanda ukuta,
ile niliyoisikia mara ya mwisho kwenye saruji:
"We Deolinda! Wewe wa mavioo!
Mbona na friji yako haiimbi?"
Nikamweleza. Nilianzia mbali,
mapigo hamsini, fundi, nguzo,
nikapotea njiani, nikarudi.
Kimya.
Kisha akacheka, kile kicheko kikavu cha mama,
sikujua kwamba yeye ndiye aliyekirithi.
"Elfu nne," akasema, "na bado unangoja wengine."
Malimau mawili yakaruka ukuta.
Labda alinipa. Labda alinilenga.

Saa kumi umeme ukarudi.
Kijicho hakikukurupuka.
Husikiliza kwanza, sekunde mia tatu,
kama gridi imetulia kweli
au imerudi na hasira zake.
Nikavuta kigoda, nikakaa kwenye harufu ya vitunguu,
tukahesabu pamoja.
Kwenye mia na themanini nilipoteza hesabu,
nilikuwa nafikiria matofali: ni tofali moja nene, si mawili.
Kijani.
Nambari zikapanda, zikasita,
wati elfu mbili zikaanza kutoka nje
kwenda zinakojua.
Birika, nikajiambia. Anachemsha maji.

Nikazima feni yangu.
Najua haimwongezei kitu; gridi haina upungufu, Custódio angenicheka.
Nikaizima hivyo hivyo,
nikakata limau.