Taruma

Mara ya nne sasa namwosha Usoke.
Beseni lile lile la bluu, maji ya vuguvugu, chumvi nusu kijiko,
na Kalunde mlangoni kashika kiuno:
"Miaka thelathini na moja relini,
leo umekuwa mkunga wa makalio ya kuku."

Cheka, mke wangu.
Mkono wa kushoto umemkumbatia,
kichwa nimekisunda kwapani, kwenye giza, ndipo hutulia.
Wa kulia unalowesha tundu la nyuma
(tuliite hivyo, wajukuu wanasikia).
Uchafu mweupe ulioganda manyoyani
unaachia pole pole kama gundi ya bahasha,
na harufu yake, mh!
maziwa yaliyosahaulika kibuyuni.

Nakata manyoya kwa mkasi wa Kalunde wa kushonea,
asijue.
Nakausha kwa fulana yangu ya zamu ya usiku.
Napaka asali, ile nyeusi ya Sikonge,
kama alivyonielekeza Luhende, bwana mifugo wa kata,
kijana ambaye pikipiki yake inakohoa kuliko wagonjwa wake.
Mara ya pili alimchoma sindano.
"Mayai yake msile wiki mbili."
Tukayafukia chini ya mpapai. Mpapai ukanenepa.
Usoke akapona.
Wiki tatu.
Kisha tena.

Sizya wa nyumba ya pili haoni tatizo:
"Mzee Mihayo, dawa yake kitunguu na nyanya."
Sikumjibu.
Nguruka na Malongwe nao wameshatoa hukumu yao,
wakiona wekundu wanadonoa,
kuku hana pole kwa kuku mwenzake.
Basi nimempa tenga lake, pembeni ya jiko.

Usiku treni ya Kigoma ilipita Tambukareli imechelewa,
nikahesabu mabehewa kwa sikio, usingizi ukagoma.
Nikamkumbuka Kasanda, msimamizi wangu wa kwanza,
mwaka ule behewa lilipoacha njia
kilomita ile ile, mara tatu.
Wakubwa walibadili gurudumu. Wakabadili tena.
Yeye alipiga magoti kwenye kokoto,
akalaza shavu juu ya chuma, akafumba jicho moja:
"Hitilafu ikirudi mara ya tatu,
gurudumu liache.
Iulize reli."

Nikachukua kurunzi.
Bandani kuku wamesinzia juu ya kichanja changu,
mataruma mawili ya mti mgumu
niliyoyaomba siku daraja lilipofungwa mapya.
Lami yake ilishakauka, nyufa zimeachama,
lakini kila mgeni nilimwonyesha:
haya yalibeba treni, haya.

Nikachomeka kisu kwenye ufa.
Kikatoka na damu.
Haikuwa damu. Utitiri, mwekundu, umeshiba,
unatembea kwenye ubapa wa kisu ukitafuta njia.
Mchana unalala ndani ya fahari yangu,
usiku unatoka kumla Usoke pale palipo laini,
na mimi asubuhi naosha,
naosha.

Alfajiri niliyang'oa kwa mtaimbo. Mazito, Mungu wangu.
Kalunde akashika upande wa pili bila kuitwa,
na hakucheka.
Tuliyachoma nyuma ya choo.
Moshi ulinuka stesheni, ulinuka karai la mafuta,
ulinuka mgongo wangu wa ujana.
"Unalia?"
Moshi, nikasema.

Banda tumelimwagia maji ya moto, tumelimwagia tena,
majivu kila pembe, na unga wa dawa wa Luhende.
Vichanja vipya ni fito zilizomenywa magome,
hazina historia, hazina ufa.
Kila Jumamosi nitazifuta kwa kitambaa.

Sitasema amepona. Nimeshasema mara tatu.
Nimeandika tarehe kwa chaki kwenye mlango wa banda,
na chini yake, mkono una mazoea yake,
nikaandika kama tulivyoandika palipokuwa na njia mbovu:
PITA POLE POLE.