Marekebisho ya Kumbukumbu

Glenys alinifunza kwa vifuko vya sukari.
Mkahawa wa nyuma ya kituo cha mabasi, Hull,
mvua inapiga vioo, naye anapanga kamati mezani:
huyu wa kahawia ndiye mwenyekiti,
hawa weupe watatu ni madaktari,
huyu aliyepasuka ni mhasibu, usimwogope, anavuja tu.
"Na mimi?"
Akaweka kijiko.
"Mimi na wewe ndio kijiko. Bila sisi hawakorogeki."

Wakisema herufi tatu mfululizo, inua mkono, uliza ni nini.
Nauli yako idai siku hiyohiyo.
Ukitaka kulia, lia, ila usiombe radhi.
Karatasi ni sitini na nne: anza na ya mwisho,
huko ndiko wanakoficha maamuzi.

Yeye alilazwa mara nne katika wodi ile
miaka ambayo sikujua kama Hull ni jina la mji.
Mimi sikulazwa. Mimi ni dada yake Murhula,
mbeba nguo safi, mpiga simu isiyopokelewa,
ninayetoka kiwanda cha karavani saa kumi na mbili jioni
na mlango wa wodi hufungwa saa kumi na moja.

Kikao cha kwanza. Ghorofa ya tatu.
Beji imeandikwa Nabinto.
Nikasimama (hakuna aliyesimama, nilisimama peke yangu)
nikasema kwa Kiingereza nilichokishona usiku kucha:
kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.
Kimya. Kalamu zikakimbia.
Wiki mbili baadaye kumbukumbu zikaja kwa posta,
kipengele cha saba: Mjumbe ameripoti kunguni wodini.
Kikosi cha kunyunyiza dawa kimetumwa.

Glenys alicheka hadi akaegemea kibanda cha simu,
kile cha rangi ya maziwa, maana huku si vyekundu.
Kisha akaacha kucheka, akatoa kalamu.
"Shika neno hili: marekebisho.
Hawaanzi kikao kabla ya kuliuliza.
Mlango ndio huo."

Basi nikarekebisha.
Jina langu linaishia na u.
Hakuna kunguni. Kuna saa.
Kuna ndugu yangu aliyekaa na koti mwilini tangu mchana,
akisikiliza viatu vya watu ukumbini,
akavijua vyote, na vyangu havimo.
Mwenyekiti (kahawia kweli, suti nzima) akauliza swali.
Nikajibu nimekaa.

Ilichukua miezi minane. Sisemi ilichukua ushujaa;
ilichukua barua, tiketi za basi,
na samahani nilizozimeza.
Sasa mwisho ni saa mbili kasorobo usiku.

Murhula alikuwa amekwisha kurudi nyumbani.
Aliyeitumia saa hiyo ni mimi, mwezi wa pili,
nikitoka kiwandani na vumbi la mbao nyweleni
kwenda kumwona Glenys, chumba cha nne, dirisha la uani.
Kwa dakika kumi hivi hakunitambua.
Nikakaa. Sura hii hakunifunza.
Chai ikaja. Akachukua kifuko cha sukari,
akakigeuza, akakigeuza.
"Huyu nani?" nikamuuliza.
"Ngoja," akasema. "Bado namfikiria."