Mrija wa Kioo

Kibandiko cha pampu kinasema themanini na tano.
Ni Novemba, upepo unashuka kutoka Dakota bila kubisha hodi,
na mimi sikiamini kibandiko.

Natia maji mrijani hadi alama ya kwanza,
namimina juu yake mafuta ya rangi ya majani makavu,
naziba kwa dole gumba, natikisa,
nausimamisha kwenye boneti ya Subaru.
Nangoja.

Pombe inayajua maji. Inayafuata chini,
inajificha ndani yake, na petroli inabaki juu
kama mgeni harusini asiyejua wimbo.
Mstari umetulia. Nasoma: sabini.
Nasoma tena nimeinama, jicho sawa na kioo.
Sabini.

Si wizi. Baridi ikikaza, wenye depo huongeza petroli
ili magari ya watu yawake asubuhi.
Ila injini hii haikuandikiwa sabini.
Nimeipa nozeli pana, pampu mbili tangini,
turbo inayopuliza ratili ishirini na sita,
na cheche niliyoitanguliza, iwake mapema,
kwa kuwa ethanoli hupoza koo la injini
na si nyepesi wa hasira.
Ipunguze kimyakimya, uone. Pistoni itagonga
kwanza kwa ukucha,
kisha kwa nyundo.
Mara ya tatu husikii kitu, unaona moshi tu kiooni.

Baba amekuja. Anasimama mlangoni
na kofia yake ya kampuni ya mbegu,
havuki ule ufa wa sakafu.
Miaka kumi na moja hajagusa chupa,
na gereji yangu inanuka kama baa iliyofungwa jana.

Mahindi ni yake. Yale ya nyuma ya ghala,
ekari mia mbili na arobaini, huenda kiwandani kwa lori;
machicha hurudi kulisha ng'ombe wa akina Vlasak,
na roho yake hupita mabomba kwa mabomba,
ikatiwa petroli kidogo getini mtu asije akainywa.
"Wangalifikiria hilo mapema," alisema siku moja,
akacheka peke yake mezani.

"Unapima nini, Marlys?"
"Ukweli wa kibandiko."
"Kwa maji?"
"Kwa maji."

Akautazama mrija, na alama yangu ya penseli.
Najua alichokiona.

Mama alikuwa na penseli ndani ya droo ya vijiko.
Kila usiku alichora mstari kwenye lebo ya wiski,
pale kinywaji kilipofikia,
na kila asubuhi kilikuwa palepale,
palepale, ila kimepauka,
kikapauka na kupauka, hata Jumapili ya Pasaka
tukawa na chupa nzima ya maji yenye jina kubwa.
Mama hakusema neno. Aliyamwagia maua ya dirishani
na maua hayakudhurika.

"Basi yanasema," baba akasema.
"Yanasema."
"Mimi niliyatumia kuficha."

Sikujua la kumjibu. Nikafungua kompyuta,
nikapunguza upepo wa turbo,
nikarudisha cheche nyuma digrii nne.
Saa nzima ya vidole baridi, namba baada ya namba,
naye yupo palepale, hasemi, haendi.

Nikazungusha ufunguo. Injini ikakohoa, ikagoma,
ikakohoa tena, maana pombe ya baridi ni mvivu wa asubuhi,
kisha ikashika, ikanguruma hadi spana zikacheza ukutani.
Moshi ukatoka mtamu, mwembamba.
Nikamtazama baba usoni, nikihofia.

Alivuka ule ufa. Akachukua penseli boneti­ni,
akafungua daftari langu lenye madoa ya oili
akaandika chini ya mwandiko wangu:
sabini, tarehe kumi na tisa.
Herufi zilitetemeka.
Nadhani ni baridi.