Kijiko Ndani ya Gilasi

Daktari Pietrzak anajumlisha kwa kalamu inayogoma;
anaisugua pembeni mwa karatasi, anaanza upya.

Kiharusi kilikuwa kikali. Alama.
Damu ilivuja ndani. Alama.
Ikafika juu, kwenye gamba la ubongo.
Gamba, anasema, nami nawaza ganda la mkate,
lile Lucjan alilokuwa akiling'oa kabla sijaketi mezani.
Halafu ile siku ya tatu wodini,
mkono wa kushoto ulipocheza bila yeye
dakika mbili, muuguzi akitazama saa:
hiyo nayo imo.

"Na umri," anasema. "Bado kijana."

Lucjan ana miaka hamsini na tisa.
Tangu lini hajaitwa kijana!
Leo kaitwa, na ujana umeandikwa upande wa hasara.
Akacheka kwa nusu ya mdomo, ile iliyobaki kwake.

Nikaomba dawa ya kuzuia.
"Wengi hawakipati kifafa kamwe," daktari akajibu.
"Hatumnyweshi mtu dawa kwa ajili ya wingu."
Ila kovu, akasema, kovu halina haraka.
Laweza kufukuta mwaka, miwili,
chini kwa chini.

Aliendesha tramu miaka thelathini na moja hapa Łódź.
Leseni iko kwenye droo ya jikoni
pamoja na betri zilizokufa.
Nyumba yetu ipo pale reli zinapokata kona,
na kila tramu ikipita, kijiko hulia
ndani ya gilasi yake ya chai, karibu na kitanda.

Zamani sikuwa nikikisikia.
Sasa kikilia tu, nimeshakaa kitako,
taa imewaka, namtazama vidole, kope, kidevu.
"Ni tramu," ananiambia, macho yamefumbwa.
"Huyo ni Radek. Anachelewa kukanyaga breki."

Jana usiku nilikitoa kijiko,
nikakilaza juu ya kitambaa, nikazima taa.
Tramu ya mwisho ikapita kimya.
Nikasikiliza pumzi yake, nikaisikiliza,
hata nisijue nasikiliza yake au yangu.

Saa nane na nusu niliamka,
nikapapasa gizani,
nikakirudisha.