Ukurasa wa Arobaini na Saba

Mimi ndiye niliyeandika ukurasa wa arobaini na saba.
Santiago, ghorofa ya kumi na tisa, kahawa mkononi,
nikaandika: "Bi Eduvina Colque, mfugaji wa Soncorí,
anatabasamu kwa kuwa maji yapo."

Maji yapo, ndiyo. Hatukusema wapi.

Na kicheko kile nakijua kilikotoka.
Baltazar, mpiga picha wetu, alirudi nyuma hatua mbili akitafuta mwanga,
akatumbukia kwenye birika la kunyweshea lama,
kamera juu, suruali chapachapa,
na mama wa watu akashindwa kujizuia.
Tukakichukua kicheko bure.
Tukakizungushia ukingo wa kijani,
tukakibandika asilimia.

Biashara yetu ni hii: tunafyonza maji ya chumvi chini ya jangwa,
tunayaanika miezi kumi na minane
katika mabwawa mapana, ya samawati, ya manjano,
ukiyaona toka angani utadhani ni nguo za sikukuu,
hadi ibaki lithiamu, unga mweupe usio na harufu,
uende kuendesha magari yasiyotoa moshi
katika miji isiyomjua Eduvina.
Moshi hakuna. Hilo ni kweli,
na nililiandika kwa moyo mweupe.

Kijiji nacho tulikipa haki yake:
jezi ishirini na mbili zenye nembo,
paneli za sola juu ya paa la kanisa,
daktari wa meno kila Oktoba.
Panya huuma huku akipuliza.
Sisi tulipuliza vizuri, kwenye karatasi nzito, kwa rangi nne.

Machi ikaja bahasha. Haikuwa na barua.
Ndani mlikuwa na kamba ya manyoya ya lama,
imekakamaa kwa chumvi, ina mafundo kumi na moja.
Nikaitandaza koridoni.
Katibu muhtasi akainua miguu nipite.
Ikatoka mlango wa lifti, ikapinda kona,
ikapita chumba cha mikutano, watu ndani wanapiga makofi,
ikaishia kwenye mashine ya kahawa.
Mita ishirini na sita na ushei.
Kipande cha kwanza, kilichopauka kuliko vyote,
kilikuwa kifupi: hata mtoto angeteka nacho.
Kisha fundo, kipande. Fundo, kipande.
Tulifika Soncorí miaka kumi na moja iliyopita.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Sisi tulikuja na letu, tena la injini.

Basi nikaandika, kwa ripoti mpya, sentensi moja tu:
"Kamba ya kisima imeungwa mara kumi na moja."
Mwanasheria akaipunguza: "Kamba imeungwa."
Idara ya mawasiliano ikaipiga pasi: "Jamii inatuunga mkono."
Don Anselmo, mkurugenzi, akavua miwani:
"Tumeungana," akasema. "Fupi. Inatosha jaladani."

Kamba yenyewe ikatundikwa mapokezi, ndani ya kioo,
na kibandiko cha shaba: Sanaa ya wenyeji.

Juni, simu. Upepo kwanza, kisha sauti.
Sikuwa nimewahi kuisikia; pichani watu hawasemi.
Hakulalamika. Hakutaja ukurasa wala tabasamu.
"Ile kamba," akauliza, "mmeshaisoma?"
Nikakohoa. Nikasema inapendeza, wageni wanaiulizia.
Upepo tena, mrefu.
"Kama mmemaliza, nirudishieni.
Nimeazima ya jirani tangu Machi, naye ana mifugo yake.
Maji yameshuka. Nataka kuongeza fundo."

Jioni nimebaki ofisini peke yangu.
Mlinzi ananitazama, hasemi kitu.
Kioo kina skrubu nne.
Hadi sasa nimefungua tatu.