Mstari Mweusi Chini ya Maji

Vifungo vitano vya shati, dakika kumi na moja.
Syombua hanisaidii. Anajifanya kusoma kalenda ya bima ukutani,
kwa kuwa Chemtai alimwambia: mwache,
vidole navyo vinafanya mazoezi.
Nje, Julai imelala juu ya mabati ya South B
kama blanketi lililosahauliwa kambani.

Miaka thelathini na miwili nilichora ramani katika ofisi ya ardhi.
Mpaka wa huyu, mpaka wa yule, kwa kalamu nyembamba kama unywele.
Watu walikwenda mahakamani na mistari yangu
na mistari yangu haikutetemeka mbele ya hakimu.

Kisha saini ikaanza kukonda.
Mwezi baada ya mwezi herufi zikawa punje za wimbi
hadi karani wa benki akanisukumia karatasi:
"Mzee, hii si yako."
Mlinzi mlangoni alinusa hewa, akitafuta pombe.
Sikumjibu. Sauti ilikuwa imeshuka kisimani bila kamba.

Mjukuu wangu Mwende akaniuliza,
"Babu, umekasirika?"
Nilikuwa nacheka, mwanangu.
Kicheko kilikwama nyuma ya ngozi.

Na milango!
Daktari alinieleza Pakinsoni kwa mchoro wa ubongo,
hakuniambia kwamba kizingiti ni mlima,
kwamba miguu itasimama pale kama punda wa maji
na mimi juu yake nikibembeleza.
Syombua akachukua utepe mwekundu wa mafundi umeme,
akabandika vipande sita sakafuni, kitandani hadi chooni.
"Haya, mchora mipaka. Ivuke."
Nikaivuka.

Jumanne na Alhamisi, saa moja asubuhi,
bwawa dogo nyuma ya kliniki, Ngara.
Mvuke, klorini, taulo zinazonuka kabati.
Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga;
hawakusema kuvua kwenyewe ni nusu ya safari.

Tuko watatu. Harbans, aliyeuza vipuri Kirinyaga Road,
kilemba chake kikavu juu ya maji yote.
Bi Nasteha wa Eastleigh, aliyejisitiri hadi vifundoni,
yeye hutetemeka kushoto, mimi kulia.
"Tukishika ungo pamoja," anasema,
"tutapepeta gunia la mchele kabla ya chai."

Chemtai anapiga makofi ukingoni:
"Hatua kubwa! Ruka mtaro! Tupa mikono!
Hesabuni, nataka askari wa getini asikie!"
Moja! Mbili!
Sauti yangu inapanda kisimani, imelowa, lakini inapanda.

Maji yananifika kifuani.
Sitasema yanaponya. Si mganga, hayajawahi kuniahidi kitu.
Mkono bado unatikisika humo ndani,
unatuma viduara hadi ukutani, vinarudi.
Ila hapa kuanguka kuna muda.
Nikiyumba, maji hunishika kwapani, huniuliza: una hakika?
Nami napata nafasi ya kubadili nia.

Chini kabisa, kwenye vigae, kuna mstari mweusi.
Mita kumi na mbili. Umenyooka.
Nautambua mstari ulionyooka nikiuona.
Naufuata kwenda, naufuata kurudi kinyumenyume,
na kwa muda huo hakuna mlango popote duniani.

Ngazini mwili unarudishiwa mizigo yake, kipandio kwa kipandio.
Kidonge. Chai nusu kikombe, robo kwenye sahani.
Kisha daftari la mahudhurio.
"Andika kama unaandika ukutani," anasema Chemtai.
N, kubwa kama nyumba. Z. U.
K inatoka nje ya kisanduku changu,
I inakwenda kusimama kwenye jina la Harbans.
"Nimeingia shambani mwako," namwambia.
Anatafuta miwani, anakagua, kalamu inacheza mkononi mwake.
"Tutaonana mahakamani," anasema.

Syombua ameshika koti langu mlangoni.
Ananitazama usoni, kwa muda,
kama anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo sana.